Zamu ya Pendo

Simu ilimkuta Violet dukani kwake Tunduma akibishana na mteja wa kutoka Nakonde, upande wa Zambia, juu ya bei ya mchele. Mteja alikuwa akimwita bamayo, yaani mama, kwa sauti ya kubembeleza, na Violet, aliyezaliwa Chapwa na kukua akivuka mpaka ule kama mtu anayevuka uwanja wa nyumba yake, alikuwa akimjibu kwa Kibemba cha sokoni kwamba bamayo naye ana watoto wa kulisha. Alipoona jina la Daktari Ambwene kwenye simu, kicheko kikamkauka mdomoni. Daktari hapigi simu asubuhi ya siku ya kazi ili kusalimia tu.

"Mama Brenda, naomba uje leo," daktari alisema. "Sukari ya Brenda imepanda."

"Imepanda kiasi gani?"

"Njoo tuongee, mama. Si jambo la simu."

Violet akakaa juu ya gunia. Mteja akadhani ni mbinu ya biashara, akapandisha bei yeye mwenyewe.

Ili uelewe kwa nini mwanamke aliyezoea kugombana na madalali aliketishwa chini na sentensi moja, inabidi uwajue mapacha wake. Pendo na Brenda walikuwa na miaka kumi na mmoja, nao walifanana mpaka mwalimu wao wa darasa alishakata tamaa ya kuwatofautisha. Nyumbani waliitikia jina lolote. Ukimwita Pendo akaja Brenda, kazi inafanyika, basi.

Aliyewazoesha hivyo ni Bibi Sekela, mama mzazi wa baba yao, Osward. Aliwalea utotoni kule milima ya Ileje, wakati Osward akiendesha malori ya Kongo na Violet akihangaika na duka. Kwa bibi huyo, mapacha walikuwa mtu mmoja aliyekuja duniani kwa miili miwili. Ukinunua gauni, nunua mawili. Ukimpa mmoja finyango la nyama, mwenzake apate la ukubwa uleule. Mmoja akinyweshwa dawa ya minyoo, wote wanywe. Hata fimbo waligawana: mmoja akikosa, viboko vilipigwa nusu kwa nusu, na waliochapwa hawakuona ajabu. Violet alikuwa akilicheka jambo hilo mbele ya mashoga zake. Mbele ya mama mkwe hakulicheka hata siku moja.

Kitu cha kwanza ambacho mapacha hao hawakugawana ni ugonjwa. Miaka miwili iliyopita Pendo alianza kunywa maji usiku na mchana, akakonda, akaanza kukojoa kitandani, msichana mkubwa vile. Wakamtibu malaria, wakamtibu yutiai, mpaka siku alipoanguka uwanjani shuleni akihema kama aliyekimbizwa na ng'ombe. Ilikuwa kisukari cha aina ya kwanza, kile kisichongoja mtu anenepe wala azeeke. Tangu hapo alijitoboa vidole kupima na kujichoma insulini kila siku iliyokuja. Sindano alijifunza haraka kuliko mama yake, ambaye mara ya kwanza alizimia yeye.

Kisha mwaka huu Daktari Ambwene, aliyekuwa akiendesha utafiti mdogo katika hospitali ya misheni upande wa Iyula, akaomba kumpima damu na Brenda. Majibu yalipotoka alimwita Violet ofisini, akafunga mlango.

"Huyu naye yuko njiani," alisema.

Violet alichungulia dirishani. Brenda alikuwa akiruka kamba. Daktari akamweleza kwamba askari wa mwili wa mtoto yule walikuwa wamekwisha kuanza kulishambulia kongosho lake, kama walivyofanya la Pendo. Kwa nje ni mzima. Kwa ndani moto umeshashika paa.

"Ila kuna dawa. Haiponyi, mama, nisikudanganye. Inachelewesha. Anawekewa dripu kila siku kwa wiki mbili, mfululizo, bila kuruka. Wengine imewapa miaka miwili kabla ugonjwa haujaingia, wengine mitatu, wachache zaidi. Lakini wanapewa wale ambao bado hawajaumwa. Kwa Pendo haina kazi tena. Chupa nilizoletewa zinamtosha mtoto mmoja, hakuna ya akiba."

Mtu wa Tunduma akisikia neno kuchelewesha anawaza foleni ya malori na nyanya zinazooza juani. Ilikuwa mara ya kwanza Violet kusikia ucheleweshaji ukisifiwa. Lakini njiani kurudi nyumbani alifikiri miaka miwili ni nini. Ni Brenda kumaliza darasa la saba bila kuamka usiku akitetemeka. Ni kula hindi la kuchoma bila kulipigia hesabu. Ni mkono mkubwa zaidi na akili kubwa zaidi siku sindano itakapofika. Akaitaka ile dawa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha kununuliwa au cha kupewa.

Duka lisingeweza kufungwa wiki mbili, kwa hiyo Bibi Sekela akateremka kutoka Ileje, wakampangia chumba karibu na hospitali pamoja na wajukuu wote wawili, maana Pendo asingeweza kubaki peke yake na mapacha hawatenganishwi. Violet alimwambia, "Mama, Brenda awe anawekewa dripu kila asubuhi." Mama mkwe akasema sawa. Violet hakueleza zaidi. Mkwe aliyefunzwa hamfundishi mama wa mumewe mambo ya wajukuu, na zaidi ya hapo, alikuwa na haraka ya kuwahi duka.

Sasa ni siku ya kumi, na sukari ya Brenda imepanda.

Alikodi Noah nzima badala ya kungoja ijae. Dereva alijaribu kuzungumza habari za mvua, kisha akarudisha macho barabarani.

Daktari Ambwene alimpokea mlangoni. Alikuwa kijana bado, na siku hiyo uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Kila asubuhi kabla ya dripu tunampima kidole," alisema. "Jana alikuwa vizuri kabisa, tano. Leo ni ishirini na mbili. Nimerudia mara tatu. Mama, sijui nikuambieje. Ugonjwa umefika. Hakuna cha kuchelewesha tena. Dozi ya leo sijaifungua."

"Jana vizuri, leo ishirini na mbili?"

"Hata mimi sielewi. Haiendi hivyo. Haijawahi kwenda hivyo."

Violet alihisi masikio yakiziba. Alisikia jina la mtoto wake, akasikia neno pole, akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza lugha ya ugenini. Kitu kimoja tu kilimjia: hata ile miaka miwili, hata hiyo, wamenyimwa. Akasema anataka kumwona.

Mtoto alikuwa amelala ubavu kitandani, macho mazito, midomo imekauka. Nesi Ferista alikuwa akimshikia kikombe cha maji. Violet aliinama, akaushika mkono wa mwanawe, akaupapasa vidole kama alivyokuwa akifanya tangu wakiwa wachanga. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zimejaa vidoa vyeusi. Vidole vya mtu aliyetobolewa miaka miwili.

Akaviachia. Akamtazama usoni. Mama hahitaji zaidi ya hapo.

"Daktari," alisema taratibu, "huyu siye Brenda. Huyu ni Pendo."

Ferista akaweka kikombe chini, maji yakamwagika. Kwa muda wa kumeza mate furaha ilimpanda Violet mpaka kooni: kama huyu ni Pendo, basi Brenda hajaumwa. Ugonjwa haujafika. Halafu swali la pili likaja nyuma ya furaha hiyo, likaikanyaga. Pendo anafanya nini kwenye kitanda cha Brenda?

"Nilimwita Brenda akaitika," Ferista alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila siku namwita, anaitika."

Daktari alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. "Tulikuwa tunamsifu ngozi yake," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Tulisema mtoto huyu anapona haraka. Alama ya sindano ya jana leo haionekani."

Hapo ndipo Bibi Sekela alipoingia, chupa ya uji mkononi, Brenda nyuma yake akitafuna karanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, na kitenge chake alikifunga kwa namna isiyoruhusu mzaha. Alimwona mkwewe akafurahi.

"Umekuja, mama mapacha. Vizuri. Huyu mmoja ameamka hana nguvu leo."

"Shikamoo, mama," Violet alisema, kwa sababu hata nyumba ikiungua salamu hairukwi. "Mama, kwa nini Pendo yuko kitandani?"

"Leo ni zamu yake. Jana ilikuwa ya Brenda."

Alisema hivyo kwa utulivu kama anayeeleza nani kaosha vyombo. Daktari Ambwene alivuta kiti akakaa, na kwa muda hakuonekana kama daktari.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu siku ya pili. Ya kwanza nilimwacha Brenda peke yake, sikulala. Nikasema hapana, wagawane. Mmoja leo, mwenzake kesho. Hakuna aliyepunjwa."

"Mama," Violet alianza, na sentensi ikamfia. Alitaka kupiga kelele na alitaka kupiga magoti. Miaka kumi na mitatu ya ndoa hakuwahi kumwinulia mama huyu sauti, na sasa hakujua sauti yenyewe inatokea wapi.

Bibi Sekela aliwatazama mmoja mmoja. Akaona nyuso zao, akaweka chupa ya uji chini.

"Mnanitazama kama mwizi," alisema. "Basi niwaambie. Osward hakuzaliwa peke yake. Alikuwa na mwenzake, Gwakisa."

Violet hakuwahi kulisikia jina hilo. Mumewe hakuwahi kulitaja.

"Surua iliingia kijijini. Osward akatoka vipele. Nikambeba mgongoni mpaka misheni, Gwakisa nikamwacha na bibi yake kwa sababu alikuwa mzima, anacheza. Tukalazwa. Nilimwomba nesi na dawa ya yule wa nyumbani. Akaniambia, mama, mtu mwenye afya hapewi dawa, dawa ni ya mgonjwa. Nikamsikiliza, yeye amesoma. Niliporudi nyumbani nilikuta wanaume wanachimba." Akakaza fundo la kitenge. "Leo nyie mnasema aliye mzima ndiye apewe, mgonjwa anyimwe. Mmegeuza. Ya kwanza niliwasikiliza ikanigharimu mtoto. Nikasema safari hii hanyimwi mtu. Ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake, umekiita kifo kije kichague."

Daktari alijua kulieleza kongosho kwa picha na mishale; kaburi la Gwakisa halikuwa kwenye picha zake.

Lakini Violet alikuwa ameacha kusikiliza. Jambo moja lilikuwa limemwingia akilini. Hanyimwi mtu. Wagawane. Alifungua mdomo akaogopa swali lake mwenyewe.

"Mama. Na sindano za Pendo? Insulini?"

"Nazo," Bibi Sekela alisema. "Tangu juzi, Pendo alipotoka kwenye zamu yake. Niliona si haki, ya hospitali wagawane halafu ya nyumbani ale mmoja. Nusu Pendo, nusu Brenda."

Kiti cha daktari kilianguka. Alimfikia Brenda kwa hatua moja, akamshika kidevu, akamtazama macho, akamwambia Ferista alete kipimo upesi. Insulini kwa mtoto ambaye mwili wake bado unajitengenezea ya kwake inashusha sukari mpaka chini kabisa. Mtoto analala jioni na asubuhi haamki. Violet alilijua hilo. Alikuwa amefundishwa siku ya kwanza, kwenye hospitali nyingine, na hakumfundisha mama mkwe wake. Alimtazama Brenda akiwa bado na karanga shavuni, akingoja aanguke.

Kipimo kikatoka. Sita. Ferista akarudia. Sita.

"Haiwezekani," daktari alisema.

"Sikumchoma."

Sauti ilitoka kitandani. Pendo alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anahema.

"Bibi alisema nimchome mimi kwa sababu nimezoea. Yeye sindano anaiogopa, anakaa nje ya pazia. Mwanzo nilikuwa najichoma yote, ndiyo maana hata kidole kilitoka vizuri; tangu juzi navuta dozi yangu ileile. Najichoma nusu. Nusu nachoma godoro."

"Godoro limelowa," Brenda akaongeza, kama shahidi.

"Kwa nini hukujichoma yote?" Violet aliuliza. "Pendo, mwanangu, kwa nini usijichome yote?"

"Bibi anaitazama chupa. Angejua sijagawa." Pendo akalamba midomo. "Na nikivuta zaidi ingeisha kabla ya mwisho wa mwezi. Nesi wa kliniki alituambia, asiyeumwa ukimchoma anakufa. Sikutaka Brenda afe. Sikutaka bibi alie."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote juu ya mtoto ambaye angelisikia la mkuu angemzika ndugu yake. Msichana wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa nyuma ya pazia siku hizo akijinyima dawa inayomweka hai, ili bibi aridhike na pacha wake apumue, na watu wazima wote walikuwa upande wa pili wa pazia wakidhani mambo yanakwenda.

Bibi Sekela alikuwa amesimama palepale. Hakuwa tena mnyoofu.

"Daktari," alisema, "angemchoma kweli, ingekuwaje?"

Daktari Ambwene alimtazama mwanamke huyo mzee, na ungedhani angemdanganya kwa huruma. Hakumdanganya. "Angekufa, bibi. Na huyu Pendo naye, kwa nusu dozi, angeendelea wiki hii tungempoteza. Wote wawili."

Bibi Sekela akaketi sakafuni, akajifunika kitenge kichwani. Hakulia kwa sauti. Ferista alikwenda kumwinua, akakataa kwa mkono.

Pendo aliwekewa maji na insulini yake yote, na kufikia jioni akaanza kuulizia chakula, jambo ambalo kwa Pendo lilikuwa dalili njema kuliko kipimo chochote. Daktari alipiga simu kwa wakubwa wa utafiti, akaongea muda mrefu uani huku akitembea. Aliporudi alimkuta Violet amekaa kati ya vitanda viwili, mkono mmoja huku, mwingine kule.

"Wamekasirika," alisema. "Brenda wamemtoa kwenye hesabu za utafiti. Ila dozi zilizobaki wameruhusu apewe, kwa kuwa zimeshafika na haziwezi kurudi. Zile alizopewa Pendo zimepotea."

"Kwa hiyo atapata kumi kati ya kumi na nne. Hizo zitampa nini? Mwaka mmoja?"

"Haigawanyiki hivyo, mama. Huenda ikampa mwaka, huenda miezi, huenda isimpe chochote. Hakuna mtu aliyewahi kupewa kwa zamu. Tutajua kwake yeye."

Violet aliinamisha kichwa. Ile miaka miwili aliyokuwa ameipangia kila kitu, mahindi, mitihani, usingizi, ilikuwa imemwagwa kwa sehemu kwenye mkono usioihitaji, na hakuwa na mtu wa kumchukia. Alijaribu kumchukia mama mkwe, akamwona Gwakisa. Akajaribu kujichukia mwenyewe. Hilo lilikuwa rahisi zaidi, lakini halikusaidia kitu.

Asubuhi Ferista alileta dripu. Safari hii alishika vidole vya mtoto kwanza, akavipapasa ncha moja baada ya nyingine kabla ya kutaja jina. Brenda aliukunja mkono kifuani.

"Sitaki. Nikicheleweshwa mimi peke yangu, Pendo atakuwa mbele peke yake."

"Mimi nishafika," Pendo alisema kutoka kitanda cha pili. "Huku hakuna kitu cha kukuwahisha. Toa mkono."

Brenda hakuutoa. Alimtazama mama yake, Violet akaomba, akabembeleza, akatishia, mkono haukukunjuka. Macho ya mtoto yalikuwa yamehamia mlangoni, alikosimama Bibi Sekela tangu alfajiri bila kuvuka kizingiti. Yeye ndiye aliyekuwa ameweka sheria.

Violet alimgeukia. Hakujua aseme nini kwa mtu ambaye jana yake tu alikuwa karibu kuwazika wajukuu wake kwa kuwapenda sawasawa. "Mama," alisema, "tusaidie."

Mwanamke mzee aliingia. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa Brenda, akaukunjua kidogo kidogo, kidole kwa kidole, mpaka mshipa ukaonekana. Sentensi aliyotaka kuisema ilimchukua muda kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia pacha maneno hayo.

"Pokea, mjukuu wangu," alisema. "Hii ni yako peke yako."